Kanula Kumi na Mbili za Kabale

Jumapili, 24 Machi 1985

Daktari Rimberia amenipa daftari hili leo na kuniamuru niandike ndani yake kila kanula ya buluu nitakayotia: ya nani, mkono gani, imekaa siku ngapi, imetoka kwa nini. Yeye si daktari hasa, ni afisa wa kliniki, lakini hapa Isiolo anayevaa koti jeupe na kuandika dawa ni daktari. Nilimuuliza kama hesabu ya kichwani haitoshi. Akajibu kwa ule upole wake wa Kimeru unaonikera: "Sista Kinsi, kichwa chako kinakumbuka ulizofaulu tu."

Basi nitaandika. Na kwa kuwa daftari lina kurasa tisini na sita na kanula zimebaki kumi na mbili, nitaandika na mengine.

Kanula ni kijimpira chembamba cha plastiki. Unaingiza mshipani pamoja na sindano yake, sindano unaichomoa, kijimpira kinabaki ndani hata siku tatu na mgonjwa anakunja vidole bila kujitoboa. Zamani tulikuwa na sindano za chuma zenye mabawa peke yake, tunaziita vipepeo, ambazo mgonjwa akipiga chafya tu zinatokea upande wa pili wa mshipa. Bado tunazo. Kanula za kijani pia tunazo, nene, za watu wazima waliopoteza damu. Lakini za buluu, nyembamba, za watoto na wenye mishipa mibaya, zilikuwa sanduku zima mpaka Februari. Nilizimaliza mimi. Niliwatia hata vijana wa miraa wenye mishipa minene kama kamba ya ndoo, kwa sababu zinaingia kwa ulaini na mgonjwa anakusifu. Daktari hakunigombeza. Alinipa daftari.

Jumatatu, 25 Machi

Kanula namba moja: Kabale, mgongo wa mkono wa kushoto.

Kabale ni msichana wa Kiborana wa miaka kumi hivi, ametoka upande wa Sericho, siku mbili juu ya lori. Tumbo lilimtangulia mlangoni. Bandama imevimba hadi kitovuni na uso umekauka, umebaki macho na meno. Ni kala-azar, ugonjwa unaoletwa na vile vinzi vidogo vinavyokaa kwenye vichuguu. Watoto wachungaji hukalia kichuguu jioni ili waone mbuzi wote, navyo vinatoka na kuwauma.

Dawa yake ni moja, mara moja kwa siku, siku thelathini mfululizo, mshipani, polepole. Matakoni haiwezekani kwa sababu hana nyama, na damu ya wagonjwa hawa haigandi upesi. Ikimwagika nje ya mshipa inaunguza. Tukikatiza katikati ugonjwa unarudi, na ukirudi hausikii dawa tena. Daktari alimweleza hayo bibi yake, aitwaye Gumato, ambaye ndiye aliyemleta. Bibi alisikiliza bila kupepesa macho, kisha akauliza jambo moja tu: "Siku ya thelathini, mtoto natembea?"

"Inshallah, mama," akasema Daktari. Mmeru wa Kimethodisti akisema inshallah ujue hana uhakika.

Mshipa niliutafuta robo saa nzima. Viwiko vyote viwili vimechomwa moto na waganga wao, makovu manene ambayo sindano haipiti. Imebaki mikono chini ya kiwiko, na miguu. Lakini nilipata, kwa mara ya kwanza, bila damu kumwagika. Kanula kumi na mbili, siku tatu kila moja, ni siku thelathini na sita. Hata mtoto wa darasa la pili anaona zinatosha.

Jumanne, 26 Machi

Namba moja imetoka. Plasta yote imebanduka. Namba mbili, mkono ule ule, juu kidogo.

Alhamisi, 28 Machi

Namba mbili imetoka. Namba tatu, mkono wa kulia. Nimeweka plasta mara mbili.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua ya kwanza, saa tisa mchana, ya nguvu. Watu walitoka madukani wakasimama barabarani waloe makusudi. Baada ya kiangazi cha mwaka jana hakuna aliyemcheka mwenzake.

Namba tatu imetoka asubuhi. Nilipoingia wodini Kabale aliuinua mkono wake mtupu akaniambia, "Sista, ametoroka." Anaongea juu ya kanula kama mbuzi. Nilitaka kucheka nikakumbuka zimebaki tisa. Namba nne.

Jumapili, 31 Machi

Namba nne imetoka. Namba tano. Siku saba, kanula tano! Nimekuwa muuguzi miaka sita na hakuna mtu amewahi kuniambia sijui kufunga plasta.

Jumatatu, 1 Aprili

Daktari alilisoma daftari akiwa amesimama, anakunywa chai. "Zote zimetoka asubuhi," akasema.

"Zimetoka kwa sababu plasta waliyotuletea ni mbovu."

"Plasta ya yule mzee wa kitanda cha tatu ni ya kasha lilelile. Ina siku nne." Akanirudishia daftari, akaenda zake. Mtu huyu hakuambii jambo. Anakuachia tu mlangoni ulikwae mwenyewe.

Jumanne, 2 Aprili

Namba tano imetoka. Namba sita. Leo nimemkalia kooni Mzee Mungania, mhudumu wetu wa wodi. Yeye ndiye anayekuja asubuhi na ndoo, nikasema anamwaga maji kitandani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mimi napangusa sakafu, sista," akasema. "Bado sijaanza kupangusa watoto."

Wodi nzima ilicheka.

Mahamud, kaka yangu, amekwama Garba Tula kwa mvua na lori la sukari. Ametuma salamu kwamba sukari imekuwa chai.

Alhamisi, 4 Aprili

Namba sita ilitoka jana, nikatia namba saba. Leo asubuhi namba saba ilikuwa inaning'inia kwa kona moja ya plasta. Niliiokoa kwa kuibana na kidole, nikaipa dawa, nikafunga upya.

Kisha nikafanya jambo ambalo hata sasa sijui kama nililifanya kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya jina langu. Nilikuwa nimefikiri usiku kucha. Mvua imenyesha hadi Sericho, nyasi zinaota, watu wa malisho wanataka kurudi kwa mifugo yao. Nikamkabili Gumato mbele ya wagonjwa wote. "Wewe mama, ni wewe unamtoa mtoto sindano ili mrudi nyumbani."

Alinitazama. Ana macho ya rangi nyepesi, karibu ya kijivu, na hakuyaondoa.

"Mimi hapana toa," akasema. "Mimi nataka yeye pona."

"Basi nani anatoa?"

"Wewe nafunga mbaya."

Tena kicheko wodini. Nilitoka nje nikasimama barazani na uso ukiniwaka. Mimi, mjukuu wa askari wa Kisomali aliyekuja hapa na bunduki na barua ya Serikali, niliyesoma Nairobi, nafundishwa kufunga plasta na bibi asiyejua kusoma saa ya ukutani.

Ijumaa, 5 Aprili

Ijumaa Kuu. Daktari ameenda Meru kwao kwa Pasaka, atarudi Jumanne. Namba saba imetoka. Namba nane.

Leo ni siku ya kumi na mbili ya dawa. Zimebaki siku kumi na nane na kanula nne. Kwa mwendo huu zitaisha wiki ijayo. Nimepiga hesabu hiyo mara tatu nikitumaini nimekosea. Kuhusu mpya, stoo ya mkoa wanasema mwezi wa tano, barabara zikikauka. Ninaogopa, na leo nakubali kuandika kwamba ninaogopa.

Jumamosi, 6 Aprili

Zote zimetoka asubuhi, alisema Daktari. Basi leo nilifika kabla ya zamu, mara baada ya sala ya alfajiri, nikaingia na mlango wa nyuma nikiwa nimebeba viatu mkononi, kama mtu anayemfumania mumewe.

Gumato alikuwa ameketi kitandani, mtoto amelala mapajani mwake, uchi hadi kiunoni. Pembeni kulikuwa na chicho, kile chombo chao cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kidogo, cheusi kwa umri. Alichovya vidole viwili, akasugua viganja vyake, akaanza kumpaka mtoto samli. Kichwa, shingo, mabega, mbavu moja moja. Kisha mikono, akianzia begani akishuka, polepole, hadi kwenye plasta yangu. Hakuigusa kanula. Aliizunguka kwa uangalifu kama unavyozunguka kidonda. Na samli ikazama chini ya plasta pande zote nne, nikaona kwa macho yangu plasta ikianza kuinuka.

Samli! Wodi nzima inanuka samli tangu tarehe ishirini na tano, na mimi sikuisikia. Sikuisikia kwa sababu ndiyo harufu niliyozaliwa nayo. Mama yangu alinipaka hivyo hivyo kila asubuhi mpaka nilipoenda shule ya wauguzi Nairobi, na wasichana wa bwenini wakawa wanafungua dirisha nikiingia. Niliacha wiki ile ile. Nilinunua mafuta ya kopo yenye harufu ya maua, na sikukubali tena mama anipake, hata likizo, hata alipougua na kuniomba nimpe tu mikono. Amekufa miaka minne sasa.

Nilipaswa kuketi na kueleza. Badala yake nilipiga kelele. Nilisema samli ndiyo inayoua mtoto. Nilisema hayo maneno. Nikachukua chicho kutoka mikononi mwake nikaifungia kwenye kabati la dawa, nikaufunga ufunguo kwenye mshipi wangu.

Dawa niliipitisha. Hadi nilipotoka kazini namba nane ilikuwa imetoka. Kabale hakula kitu. Gumato alikuwa ameketi barazani amejifunika shuka kichwani, mvua ikimrushia maji miguuni, na hakusogea.

Nilipokuwa navuka ua Mzee Mungania aliniita. Alifanya kazi Garba Tula miaka kumi, anajua Kiborana. "Sista, ile samli umefungia ndani ya kabati," akasema. "Wale walikuwa na ng'ombe arobaini. Kiangazi kilimaliza, akabaki mmoja. Hiyo ni samli ya huyo mmoja. Bibi mwenyewe hajaionja, yote ni ya ngozi ya huyo mtoto."

Jumapili, 7 Aprili

Sikulala vizuri. Asubuhi nilifungua kabati, nikaipangusa chicho vumbi ambalo halikuwepo, nikaipeleka barazani kwa mikono miwili.

"Salaam aleikum, akoo," nikasema. Akoo ni bibi kwa Kiborana. Tangu walipokuja nilikuwa nikimwita "wewe mama".

Aliitikia, maana salamu haikataliwi.

"Nimekosa," nikasema. "Samli haimuui mtoto. Inabandua plasta yangu, basi. Mimi ningekuuliza mapema, tusingepoteza sindano nane."

"Mtoto iko kavu," akasema. "Ngozi inapasuka. Mimi naona yeye nakwisha, mimi nafanya nini? Nakaa tu?"

Hata mimi ningempaka, na mama yangu, na mama yake. Nikamwambia tugawane mtoto. Mkono mmoja, kutoka kiwiko kwenda chini, ni wangu. Sitaki hata tone. Pengine pote ni pake, apake atakavyo. Alifikiri, akakubali, akaniuliza kama nyayo pia ni zake. Nikasema nyayo zote mbili.

Kisha tukaingia ndani. Niliutia namba tisa mkono wa kushoto, kwenye mshipa mwembamba juu ya kifundo, nikapangusa ngozi kwa spiriti mpaka ikawa kavu kabisa, nikaweka plasta. Gumato aliitazama kazi yangu kwa huruma. Akainua chicho. Kifuniko chake kimefungwa kwa ukanda wa ngozi unaopita chini, unapanda, unajikamata wenyewe.

"Angalia. Hii kila siku iko na samli," akasema. "Kamba yake hapana teleza."

Nikampa bendeji. Nikakata kipande cha boksi la chupa za dripu, nikaweka chini ya mkono wa Kabale ili kifundo kisikunjike, naye akafunga. Bendeji ilipita kati ya kidole gumba na vingine, ikazunguka kifundo, ikarudi na kujibana, na kanula yenyewe ikabaki wazi katikati ili niione. Kadiri mtoto anavyovuta ndivyo fundo linavyokaza, lakini halimbani damu. Nilijaribu kulivuta. Nikajaribu tena.

"Huyu hatatoroka," akasema Kabale, na akaomba chai.

Jumanne, 9 Aprili

Namba tisa ipo.

Daktari amerudi. Nilimwonyesha fundo, nikamweleza samli. Akakuna shingo.

"Mimi nilisikia ile harufu siku ya kwanza," akasema.

"Ulisikia! Na ukaninyamazia?"

"Nilidhani wewe unajua. Nikaona ni desturi yenu, Mmeru akisema neno juu ya samli ataambiwa anadharau watu." Alikuwa ameona haya kweli, macho ameyaelekeza sakafuni. Basi ndivyo tulivyokuwa, mmoja ana pua na hana mdomo, mwingine ana mdomo na hana pua. Nilicheka mpaka nikaketi, naye akacheka. Miaka miwili tunafanya kazi pamoja na sikujua kwamba anacheka.

Alhamisi, 11 Aprili

Namba tisa: siku nne! Haikutoka, nimeitoa mwenyewe kwa sababu ngozi ilianza kuwa nyekundu. Namba kumi, mkono wa kulia. Fundo la Gumato.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda cha tano, tumemsogeza mgonjwa.

Daktari amepima bandama ya Kabale. Imerudi juu vidole vitatu.

Jumatatu, 15 Aprili

Namba kumi: siku nne. Namba kumi na moja. Nimemfundisha Gumato maneno "kushoto" na "kulia", naye amenifundisha fundo. Langu linalegea. Anasema nafunga kama mtu anayeogopa kamba.

Jumatano, 17 Aprili

Kabale alikula ugali na maziwa, akaomba nyongeza. Homa haipo tangu Ijumaa. Ameniomba anitunzie kanula namba kumi na mbili, ya mwisho, ikiwa bado kwenye pakiti yake. Nimempa kwa sharti kwamba asiifungue. Analala nayo chini ya mto.

Ijumaa, 19 Aprili

Namba kumi na moja: siku tano. Mkono umevimba kidogo baada ya dawa ya leo, nimeitoa. Kesho nitatia ya kumi na mbili na itatufikisha siku ya thelathini. Nimemwahidi Kabale. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku ya ishirini na saba.

Saa mbili asubuhi, kabla sijaanza kazi ya Kabale, aliingia mwanamke mmoja kijana kutoka Kinna, Kaltuma, amelowa hadi kichwani. Alikuwa amembeba mwanawe Duba, wa miezi minane. Mtoto ameharisha na kutapika siku tatu. Utosi umebonyea, macho hayafungi, nilipofinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama. Hakulia. Mtoto wa hivyo asipolia ndipo unapoanza kukimbia.

Maji ya mdomoni yalirudi yote. Daktari akasema mshipani, sasa hivi. Nilijaribu kipepeo kwenye mshipa wa kichwa, upande wa kulia, ukavimba. Kushoto, ukavimba. Daktari akajaribu mkono, hakupata. Tukabaki na mshipa mmoja, ule wa mguuni, mbele ya kifundo kwa ndani, ambao upo hata usipoonekana. Lakini mguu wa mtoto unapiga mateke, na dripu ilipaswa kukaa hadi kesho. Sindano ya chuma pale ingedumu nusu saa. Kanula ya kijani ni nene kuliko mshipa wenyewe.

Tulitazamana na Daktari. Hakusema kitu, na safari hii sikukasirika, kwa sababu nilijua analojua. Mwezi mzima nimekuwa nikiandika kanula hizi ni za Kabale, kama vile ni nguo. Lakini Kabale anahitaji mshipa dakika kumi kwa siku. Huyu alihitaji usiku na mchana. Kitu cha kukaa kinafaa kumpata anayehitaji kikae. Ni rahisi kuandika. Lakini kama nisingempata Kabale kwa chuma siku nne zilizobaki, zile ishirini na sita zingekuwa bure, na ni mimi niliyezitupa za buluu sanduku zima.

Nilikwenda kitandani kwake. Bibi na mjukuu walikuwa wameona kila kitu, wodi yetu haina mapazia. Nikapiga magoti ili nisiongee kutoka juu.

"Akoo, ile sindano ya mwisho," nikasema.

Gumato alimtazama mtoto wa Kaltuma, kisha akamtazama wake. "Mimi hapana sema," akasema. "Iko ya Kabale."

Kabale alitoa pakiti chini ya mto. Imekunjamana lakini haijafunguliwa.

"Mpe," akasema. "Lakini afunge akoo."

Namba kumi na mbili: Duba wa Kaltuma, mguu wa kushoto. Iliingia mara ya kwanza. Maji yakashuka. Gumato akafunga mguu ule mdogo akitumia bendeji nyembamba na kipande cha boksi, akimnong'oneza mtoto kwa Kiborana. Saa sita Duba alilia, kilio kibovu, cha hasira, na Kaltuma akalia naye. Kilikuwa kilio kizuri.

Ikabaki zamu ya Kabale. Nilitazama mikono yake yote miwili. Michubuko, vidoti, mishipa migumu. Nilifunga mpira juu ya kiwiko, sikuona hata mstari. Nikaufungua mpira.

"Akoo," nikasema, "bado samli ipo?"

Aliinamisha chicho. Imebaki chini kabisa, kama vijiko vitatu.

"Mkande mkono huu. Wote. Mpaka uwe moto."

"Huu iko yako," akasema. "Wewe nasema hata tone moja hapana."

"Leo ni wako."

Alimkanda robo saa, kutoka vidoleni kupanda, kwa vile viganja vyake vikavu, na mkono wa mtoto ukapata rangi. Kisha nikapangusa samli kwa spiriti mara tatu, ngozi ikakauka, nikafunga mpira, nikafumba macho. Kwa macho sikuwa nimeona kitu. Kwa kidole niliusikia mshipa, upande wa nyuma wa mkono, mbali na tulikozoea kutafuta, unarudi ukibonyezwa. Nilifumbua macho nikaingia. Damu ikapanda kwenye mpira wa kipepeo.

"Usitikisike, mama," nikamwambia Kabale.

"Nahesabu mbuzi," akasema. Alihesabu mbuzi wa baba yake, mmoja mmoja, kwa rangi zao, dakika kumi, na mkono wake haukusogea hata unywele. Dawa iliisha akiwa amefika mbuzi wa thelathini na sita. Nikamuuliza kama ndio wote.

"Hao ni wa kabla ya kiangazi," akasema. "Wa sasa ni tisa. Nilijua hawatatosha."

Jumapili, 21 Aprili

Kipepeo, mkono wa kulia, kwa kukanda. Mara ya kwanza. Duba ananyonya.

Jumatatu, 22 Aprili

Kipepeo. Mara ya pili, kosa ni langu, niliharakisha. Kabale aliniambia pole.

Jumanne, 23 Aprili

Siku ya thelathini. Mara ya kwanza, mkono wa kushoto, macho yakiwa yamefumbwa. Nilipochomoa sindano wodi nzima ilipiga makofi, na Mzee Mungania akagonga ndoo yake kwa fimbo ya ufagio. Bandama imenywea, Daktari anaipapasa kwa shida. Kabale alitoka kitandani, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Gumato hakupiga makofi. Alihesabu hatua.

Duba ametolewa dripu. Kanula namba kumi na mbili ilikaa siku tatu kamili, nimeiandika kwa wino mwekundu.

Alhamisi, 25 Aprili

Wamesafiri leo. Mahamud anapeleka unga Garba Tula na atawaunganishia lori la Sericho. Nimemwambia akiwaacha njiani asirudi nyumbani.

Kabla ya kuondoka Gumato aliniita barazani. Aliuchukua mkono wangu wa kulia akaugeuza, akatazama vidole. Vimepasuka kwa spiriti, vinatoka damu kwenye viungo, mwezi mzima sikuwa nimeviangalia.

"Kavu," akasema.

Akaitoa chicho. Nilijua kilichobaki mle ndani na nilijua ni cha ng'ombe gani. Nikasema hapana, akoo, ni ya mtoto. Akanijibu mtoto anatembea. Akapitisha kidole ndani, akikizungusha ukutani hadi chini, akapata kidogo sana, akasugua viganja vyake na kunishika mikono. Alianzia vifundoni akashuka, kidole kimoja kimoja, bila haraka, wakati Mahamud anapiga honi getini. Mikono hiyo nilimnyima mama yangu. Nililia, na sikuweza kujipangusa kwa sababu hakuniachia.

"Hii mikono naona mshipa," akasema. "Chunga."

Lori lilipogeuka Kabale alinipungia kwa mkono ule wa kushoto.

Nilirudi wodini. Daktari alikuwa na mgonjwa mpya, mzee mnene asiyeonyesha mshipa wowote, akanipa plasta nimkatie. Ilinishika vidoleni, ikateleza, ikaanguka. Nikajaribu tena, ikaanguka tena. Daktari alinusa hewa, akanitazama, na safari hii akasema: "Sista Kinsi, nenda kanawe."

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Nitanawa. Ngoja kwanza samli iingie."